Mashine ya Hospitali, Kilo 140

Nilipokuwa darasa la tano, kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kuandika. Mjomba alikuwa na yadi ya skrepu Kariobangi, upande ule wa Light Industries ambako nyundo huanza kulia kabla watu hawajamaliza chai. Wanaume wa mikokoteni waliingia na mizigo yao, mjomba akapima, akataja kilo kwa sauti, nami nikaandika kwenye kaunta buku. Tarehe, kitu, kilo, pesa. Hati yangu ilikuwa safi na hesabu zangu hazikuwa na makosa, kwa hiyo nililipwa soda moja na mandazi mawili, na siku ya mauzo mazuri nikaongezwa shilingi 50.

Jumamosi moja waliingia wanaume wanne wakiusukuma mkokoteni mmoja, na mkokoteni wenyewe ulikuwa unalia. Juu yake palikuwa na mashine iliyowahi kuwa nyeupe, sasa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa na mkono mrefu, na mwishoni mwa mkono kichwa kizito kama cha nyati. Kliniki fulani ilikuwa imehama, wakasema, na mlinzi ndiye aliyewauzia.

"Ni ya nini?" mjomba akauliza.

"Ya hospitali."

Jibu hilo likatosha. Nikaandika: mashine ya hospitali, kilo 140.

Ilifunguliwa mchana huohuo. Ndani kulikuwa na shaba, ambayo ilishangiliwa, na mabamba ya risasi, ambayo yalishangiliwa zaidi. Kulikuwa pia na mafuta mazito yaliyomwagika chini. Kijana mmoja aliyachota kwa kopo akajipaka mikononi, maana ilikuwa Julai na ngozi zilikuwa zimekauka kwa baridi. Kwenye mkokoteni huo huo kulikuwa na sanduku la vikorokoro, na ndani yake mashine tatu za kupima presha, zile za zamani zenye bomba refu la kioo. Moja ilikuwa imepasuka. Mjomba akanipa.

Kama hujawahi kushika zebaki, sitakudanganya: ni kitu kizuri sana. Ni nzito kuliko unavyotarajia. Inakimbia kiganjani kama kitu chenye akili. Niliibeba nyumbani ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka, na jioni watoto wa ploti nzima walikusanyika mlangoni kwetu. Tuliigawa vipande vidogo, tukavisukuma kwa kucha, vikakimbiliana na kuungana tena. Vingine vikaingia kwenye nyufa za sakafu na hatukuvipata. Usiku nilikiweka kikopo chini ya kitanda tulicholala watatu.

Hakuna kilichotupata. Mjomba hupenda kusema hivyo akikumbuka siku zile. Ati tumevunja kila kitu, mpaka mashine za hospitali, na hakuna kilichotupata. Kwa miaka mingi nami niliisema sentensi hiyo kwa namna yake, kama watu waliojua walichokuwa wakifanya. Kisha nikiwa chuo nilisoma habari za mji mmoja wa Brazili, na tangu siku hiyo sijaweza kuisema tena.

*

Mwishoni mwa 1985, kliniki moja ya binafsi ya tiba ya mionzi katika mji wa Goiânia ilihamia jengo jingine. Ilikuwa na mashine mbili za kutibu saratani. Ile iliyotumia kobalti ikahamishwa. Ile iliyotumia seziamu ikaachwa palepale. Sheria iliwataka wenye kliniki waiarifu tume ya taifa ya nishati ya nyuklia, iliyotoa leseni ya mashine hizo. Hawakuiarifu. Palikuwa na mzozo kuhusu kiwanja, jengo likabomolewa kwa sehemu, na chumba cha mashine kikabaki wazi. Mashine ikakaa humo karibu miaka miwili.

Ili kuelewa kilichofuata, inabidi ujue mashine ya aina hiyo inavyofanya kazi. Mashine ya eksirei huzaa mionzi kwa umeme. Ukizima swichi, mionzi inakoma. Hata ukiiacha barabarani, bila stima haitoi kitu. Lakini mashine ya seziamu au kobalti haina swichi ya namna hiyo. Ndani ya kichwa chake mna kitu kinachotoa mionzi mchana na usiku, Krismasi na Idi, kuwe na mgonjwa au kusiwe. Kinachowalinda watu ni ukuta mzito wa risasi na chuma uliokizunguka. Wakati wa tiba, chanzo hicho hugeuzwa mpaka kielekee kwenye tundu dogo, na mwale ukatoka kuelekea kwenye uvimbe. Tiba ikiisha, kinarudishwa ndani. Mashine ni gereza, na mfungwa hafi mlango ukifungwa.

Mfungwa wa Goiânia alikuwa gramu 93 za chumvi ya seziamu ndani ya kikopo cha chuma cha sentimita 5 hivi. Ninaposema chumvi namaanisha chumvi: unga unaoyeyuka majini, unaoshika jasho, unaofuata viganja, vikombe na nywele.

Tarehe 13 Septemba 1987, wanaume wawili waliokuwa wamesikia kuna chuma kizuri pale waliingia, wakang'oa sehemu nzito ya kichwa na kuipakia kwenye wilbaro. Siku hiyohiyo walianza kutapika. Mmoja wao alipokwenda kutibiwa, aliambiwa labda ni chakula kibovu. Waliendelea kuihangaikia ile mashine nyumbani, na katika kuichokonoa wakatoboa kidirisha chembamba cha kile kikopo. Tarehe 18 wakaiuza kwa mwenye yadi ya skrepu, Devair Ferreira.

Niliposoma hapo nilisimama. Nilikuwa naiona yadi. Niliona mizani, niliona kaunta buku.

Usiku ule Devair aliona mwanga wa bluu ukitoka ndani ya kile chuma. Hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho, na nani kati yetu ameona? Alikiingiza nyumbani. Kwa siku tatu majirani na ndugu walikuja kukitazama. Vipande vidogo kama punje za mchele viligawiwa, na wengine walijipaka ule unga mwilini ili wang'ae. Tarehe 24, ndugu yake Devair alichukua kiasi akaenda nacho kwake. Binti yake, Leide das Neves Ferreira, miaka 6, aliuchezea sakafuni, kisha akala yai kwa mikono ileile.

Sisi tulikuwa na kikopo cha mafuta ya kujipaka, na watoto mlangoni.

Mtu wa kwanza kuunganisha mambo hakuwa daktari. Alikuwa Maria Gabriela Ferreira, mke wa Devair, miaka 37. Aliona watu wa karibu naye wanaugua pamoja, kwa namna moja, na akajiuliza ni kitu gani kipya kimeingia katika maisha yao wote. Wakati huo mabaki ya ile mashine yalikuwa yameshauzwa kwa yadi nyingine. Aliyafuata. Tarehe 28 Septemba, yeye na mfanyakazi mmoja waliyatia kwenye mfuko, wakapanda basi la abiria, wakaupeleka mfuko hadi ofisi ya afya ya umma. Aliuweka mezani mbele ya daktari akamwambia kwamba kitu hiki kinaua watu wake.

Siku iliyofuata mwanafizikia mmoja aliyekuwa mjini hapo aliombwa aje apime. Aliazima kipimo kutoka kwa shirika lililokuwa likitafuta urani ardhini. Alipokiwasha, mshale ukaruka mpaka mwisho, kote alikokielekeza. Akadhani kimeharibika. Akarudi kuchukua kingine, nacho mshale ukaruka vilevile. Alipofika ofisini aliwakuta wazimamoto tayari wameitwa, na mpango wao ulikuwa kuuchukua ule mfuko na kuutupa mtoni. Aliwazuia katika dakika za mwisho.

Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, wengi wao wakipanga foleni katika uwanja wa michezo wa Olimpiki wa mji huo. Watu 249 walikutwa na seziamu mwilini au kwenye nguo. Wanne walikufa mwezi Oktoba: Leide, Maria Gabriela, na vijana wawili walioifanyia kazi ile yadi. Nyumba zilibomolewa, udongo ukachotwa, na takriban mita za ujazo 3,500 za taka zikapakiwa kwenye mapipa na makontena: samani, nguo, matofali, miti ya uani. Leide alizikwa ndani ya jeneza lililozungushiwa risasi, na wakazi waliojaa hofu wakarusha mawe makaburini kupinga asizikwe pale. Mji mzima ukanuka kwa wenzake. Watu wa Goiânia walikataliwa hotelini, na mazao ya jimbo lao yakakosa wanunuzi.

Seziamu ile hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Kwa hiyo nusu ya kwanza iliisha karibu 2017. Nyingine bado ipo, imezikwa chini ya kilima chenye nyasi katika mji jirani wa Abadia de Goiás, na inalindwa.

*

Ni rahisi kusoma kisa hiki na kusema: ujinga. Watu wa skrepu, si unajua, hawasomi, wanavunja kila kitu. Nimeisikia sana sentensi hiyo kuhusu watu wetu wa Kariobangi, Gikomba na Dandora. Kila waya ukikatwa Nairobi, mtuhumiwa wa kwanza ni mtu wa mkokoteni. Januari 2022, umeme ulipopotea nchi nzima baada ya minara ya stima kuanguka, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na yadi zote zikafunga milango kwa miezi. Mjomba alikaa nyumbani akitazama runinga iliyomwita mhujumu wa uchumi.

Lakini hebu panga watu wa Goiânia kwenye mstari kulingana na walichokijua. Waliojua kila kitu, yaani waliosomea mionzi, walioitumia kila siku, waliokuwa na leseni ukutani, ndio waliofunga mlango wakaondoka. Ukizidi kushuka mstari, elimu inapungua na hatari inaongezeka. Mwishoni kabisa yuko mtoto wa miaka 6 na yai lake. Na katikati ya mstari huo, mke wa mwenye yadi, bila kipimo chochote, alifanya kazi ambayo wenye leseni hawakuifanya: alikichukua kile kitu akakipeleka kwa mwenye mamlaka, akasema ni nini kinatendeka. Mwaka 2000 mahakama ya Brazili iliiamuru ile tume ya nyuklia ilipe fidia na kugharamia matibabu ya waathiriwa.

Na Goiânia haikuwa ya kwanza. Mwaka 1977, hospitali moja ya mji wa Ciudad Juárez, Meksiko, ilinunua mashine ya kobalti kutoka Marekani. Ilikuwa ya mtumba. Iliingia nchini bila kusajiliwa ipasavyo, na ilipofika hapakuwa na mtaalamu wa kuiendesha. Kwa hiyo ikawekwa stoo. Miaka 6 ikapita. Desemba 1983 iliuzwa kwa yadi ya skrepu. Ndani yake mlikuwa na punje karibu 6,000 za kobalti, kila moja ya milimita moja tu, na baadhi zilimwagika kwenye pikapu iliyoibeba. Nyingine zikayeyushwa pamoja na chuma kingine, zikawa nondo za ujenzi na miguu ya meza.

Hakuna aliyejua. Katikati ya Januari 1984, lori lililobeba nondo hizo lilipotea njia huko New Mexico, likapita karibu na lango la maabara ya Los Alamos, mahali palipotengenezwa bomu la kwanza la atomiki. Vipimo vya lango vikalia. Ndipo wakaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka lori hadi kiwanda, kiwanda hadi yadi, yadi hadi stoo. Maelfu ya tani za nondo zilikuwa zimeshasambaa, na mamia ya majengo yakabomolewa. Yote kwa sababu dereva mmoja alikosea kona.

Thailand, mwaka 2000, mkoa wa Samut Prakan: mashine za zamani za tiba ya kobalti zilikuwa zimewekwa kwenye eneo la maegesho lisilolindwa. Kichwa cha moja kikaishia kwenye yadi ya skrepu, kikafunguliwa. Watu watatu walikufa. Kichwa hicho kilikuwa na alama ya mionzi, ile ya majani matatu meusi juu ya manjano. Waliokikata hawakujua maana yake, wala hapakuwa na onyo kwa lugha yao.

Ukiziweka hadithi hizi tatu kando kwa kando, utaona kwamba hazianzii kwenye yadi. Zinaanzia kwenye chumba ambamo mtu aliamua kwamba mashine fulani si kazi yake tena. Stoo. Maegesho. Jengo la zamani. Wizi huja baadaye sana, baada ya miaka ya ukimya.

*

Kuna sehemu ya historia hii inayotuhusu moja kwa moja. Baada ya ajali hizo, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilikubali kwamba ile alama ya majani matatu haisemi chochote kwa mtu asiyefundishwa. Likatafuta alama mpya, na michoro ikajaribiwa kwa watu 1,650 katika nchi 11. Kenya ilikuwa mojawapo, pamoja na Brazili, Meksiko na Thailand. Mwaka 2007 alama mpya ikatangazwa: pembetatu nyekundu, mionzi ikishuka kutoka juu, fuvu na mifupa, na mtu anayekimbia. Hubandikwa ndani ya kifaa, karibu na chanzo chenyewe, mahali ambapo mgonjwa na muuguzi hawapaoni. Anayeiona ni yule aliyeshaanza kufungua. Kwa maneno mengine ilichorwa kwa ajili ya mjomba wangu.

Naipenda alama ile, lakini ni ya mwisho kwenye foleni. Ukiiona, tayari wengi wamekwepa wajibu wao kabla yako.

Sheria tunazo. Tulikuwa na Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi tangu 1982, na mwaka 2019 ikaja Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia iliyounda mamlaka mpya. Katika msitu wa Oloolua, upande wa Ngong, kuna kituo cha serikali cha kupokea na kuhifadhi taka za mionzi, ili vyanzo vilivyozeeka visibaki stoo za hospitali. Watu wengi hutembea Oloolua wikendi, wakapiga picha kwenye maporomoko na pangoni, bila kujua kwamba msitu huo una jirani wa namna hiyo. Mimi huona ni habari njema. Taka iliyo na anwani ni taka inayoweza kuulizwa.

Shida kubwa zaidi kwetu ni vitu visivyotoa mionzi, ambavyo havitishi mtu. Ile mashine ya kilo 140, nimejua baadaye, ilikuwa ya eksirei. Bila stima haikuwa na mionzi. Lakini mafuta ya transfoma za zamani huweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo hazioti kutu wala haziozi. Hukaa mwilini na ardhini kwa miaka mingi, na zinahusishwa na saratani. Risasi huingia mwilini kwa vumbi na moshi, na huumiza zaidi ubongo wa mtoto. Zebaki ile niliyoipenda hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, hasa ndani ya chumba kidogo chenye joto, kama chumba cha ploti chenye kitanda kimoja cha watoto watatu. Filamu za zamani za eksirei zina fedha, ndiyo maana kuna watu wanaozinunua na kuzichoma, na moshi wake huingia kwa majirani.

Na vitu vinazidi kuja. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha vifaa tiba kwa hospitali za kaunti, mashine nyingi kwa mpigo. Miaka mitano baadaye ripoti ya kamati ya Seneti ilieleza kwamba baadhi yake zilikuwa zimekaa bila kutumika, kwa kukosa stima, maji au wahudumu. Nilipoisoma nilikumbuka stoo ya Ciudad Juárez. Mashine isiyofanya kazi haijafa, inasubiri tu kusahauliwa. Kisha kuna misaada, makontena ya mashine za mtumba kutoka ng'ambo, zinapokelewa kwa nyimbo na picha za wakubwa wakikata utepe. Sijawahi kuona picha ya mkubwa akikata utepe siku mashine inapoondoka.

Kuondoka kwenyewe si sayansi ya ajabu. Kifaa kikichoka, mhandisi wa vifaa tiba anakikagua na kuandika kina nini ndani. Chanzo cha mionzi kinarudishwa kwa aliyekitengeneza au kinapelekwa kwenye kituo cha serikali. Zebaki inafungwa kwenye chombo kisichovuja, mafuta yanatolewa kando, majina ya wagonjwa yanafutwa kwenye kompyuta yake. Kinachobaki, yaani chuma, shaba na plastiki, hicho ni halali ya mtu wa skrepu, naye anakijua kukitumia kuliko yeyote. Kila hatua ina karatasi, na karatasi ina jina la mtu. Ni hilo jina ndilo lililokosekana Goiânia kwa miaka miwili.

*

Siku hizi yadi inaendeshwa na binamu yangu. Mjomba huja tu kukaa kwenye kiti cha plastiki na kulalamika kuhusu bei. Mwezi wa tatu mwaka huu, saa tatu usiku, binamu alinipigia.

"Sista, kuna kitu hapa imeletwa leo. Iko na alama ya feni."

"Feni gani?"

"Feni. Ya manjano. Na mapanga tatu."

Nilikuwa nakula. Niliweka kijiko chini. Nikamwambia asiguse.

"Nishaigusa. Tumeitoa kwa lori."

"Mmeifungua?"

"Bado. Tulikuwa tufungue kesho."

Nilimwambia awatoe vijana wote, afunge geti, na anitumie picha akiwa amesimama mbali. Nilikaa nikisubiri ile picha ifunguke, na kwa dakika hizo chache niliwaona wote: vijana wanaolala kwenye kibanda cha yadi, mama anayewauzia githeri, watoto wake wawili ambao hucheza juu ya lundo la mabati. Picha ikafunguka. Kulikuwa na alama, na chini yake maandishi ya Kiingereza yaliyosema kwamba kifaa hutoa eksirei kikiwashwa. Kikiwashwa. Nilisoma neno hilo mara nne.

Asubuhi tulipiga simu kwa kliniki iliyokiuza. Aliyepokea alisema kifaa hicho kilishafutwa kwenye vitabu vyao, kwa hiyo si chao tena. Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mwingine kwamba ofisi imefungwa. Binamu akachukua simu mkononi mwangu.

"Madam, kwa vitabu yenu imetoka. Kwa yadi yangu iko. Nataka mtu aniandikie iko na nini ndani, ama nairudisha na lori hapo kwa geti yenu."

Siku ya tatu fundi wao alikuja. Alikuwa kijana wa rika letu, mwenye begi la vifaa na haya nyingi. Alitoa mafuta kwenye jerikeni akaondoka nayo, akatuonyesha palipo na risasi, akaandika ukurasa mmoja na kutia sahihi. Kabla ya kupanda boda alituambia kwamba kliniki ina nyingine mbili kama hiyo, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa ziende wapi.

Mjomba alitazama yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Binamu alipobandika ule ukurasa ukutani, karibu na mizani, mzee akasema, "Sisi tulivunja ngapi bila hizo karatasi. Na hakuna kilichotupata."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia kuhusu mwanamke mmoja wa Brazili, mke wa mtu wa skrepu kama yeye, na mfuko aliopanda nao basi. Lakini yeye ndiye alikuwa ananyoosha mkono kuomba kaunta buku. Akalifungua ukurasa wa siku hiyo, akalitazama muda mrefu. Tarehe, kitu, kilo, pesa. Kisha akachukua rula na biro, na kwa mkono unaotetemeka kidogo wa mtu mzima, akachora mstari wa tano.

"Andika hapa juu," akaniambia, kama zamani. "Andika: imetoka kwa nani."